Shule ya Kijapani si Ajira
Korogwe inawakumbuka manamba wa enzi za ukoloni: mawakala waliwatoa mbali kwa maneno matamu, wakaishia kukata mkonge. Wakala wa leo akifika Handeni na kumshauri mzazi auze shamba ili mwanawe akasome shule binafsi ya lugha huko Japani, eti ada itajilipa kwa vibarua, aulizwe jambo moja. Sheria ya Japani humruhusu mwanafunzi mgeni, kwa kibali, kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki wakati wa muhula. Je, saa hizo zitalipa ada, pango, chakula na deni? Sipingi Kijapani, napinga ukimya. Maofisa elimu, itangazeni hesabu hii vijijini. Anayekwenda akiijua amechagua; aliyefichwa ameuzwa.