Ukifika Kulen, Anza na Chemchemi

Maji hutoka chini ya mchanga bila sauti. Unainama juu ya kidimbwi kilicho kivulini mwa miti, unaona mchanga ukipwita na kufumukafumuka kama uji unaoanza kutokota, lakini ukitia mkono ni baridi. Nilimkuta hapo bibi mmoja na mjukuu wake. Alichota kwa kopo, akanawa uso, akampaka mtoto maji utosini, kisha akajaza chupa mbili na kuzifunga kwa makini. Hakuwa na haraka yoyote.

Ndugu msomaji, hapa ni Phnom Kulen, mlima ulioko kiasi cha kilomita 50 kutoka mji wa Siem Reap, Kambodia. Nakuandikia kwa sababu watu wetu sasa wanafika sana pande hizo. Kuna anayekwenda Bangkok kwa biashara ya vito au nguo, kuna aliyempeleka mzazi kwa matibabu, kuna kijana aliyejichangia nauli miaka miwili atembee tu aione dunia. Wakipata siku mbili tatu za ziada, huruka hadi Siem Reap kuona hekalu la Angkor Wat. Nakuomba uongeze siku moja upande Kulen. Na ukipanda, nakuomba zaidi usiende kama mtu anayekwenda kuogelea tu.

Maana ndivyo wageni wengi wafanyavyo. Gari linawashusha karibu na maporomoko, wanaoga, wanapiga picha, wanakula kwenye vile vitanda vya mianzi vya kukodi, saa tisa wamekwishashuka. Siwalaumu kwa kuyapenda maporomoko. Yale ya juu ni mafupi na mapana, na yale ya chini yanadondoka kutoka kwenye ukingo wa mwamba uliofunikwa mizizi, mpaka rasharasha inakulowesha ukiwa bado uko ngazini. Miezi ya mwisho wa mvua, kuanzia Oktoba, maji huwa mengi na ngurumo yake utaisikia ukiwa mbali. Lakini maji hayo yametoka mahali, na kabla ya kukufikia wewe yamepitishwa juu ya kazi ya mikono ya watu.

Kwa hiyo anza juu. Karibu na chemchemi ile mto unapita juu ya mwamba bapa. Simama upande ambao jua halikupigi machoni, usubiri. Mwanzo utaona majani makavu tu yakielea. Macho yakizoea, mwamba unaanza kuonesha vifundo vya mviringo, safu kwa safu, vimekaa kama vitumbua kwenye chuma chake. Hizo ni linga, alama za mungu Shiva, zilizochongwa kwenye sakafu ya mto zama ambazo wafalme wa Khmer walifuata dini ya Kihindu. Walitaka maji yatakaswe kwa kupita juu yake, ndipo yashuke kwenye mashamba ya mpunga na miji ya bondeni. Tafadhali usizikanyage. Jiwe la mchanga ni laini, na soli za viatu zinalisaga.

Mlima huu ndipo dola la Angkor lilipozaliwa. Mwaka 802 Jayavarman wa Pili alifanyiwa ibada hapa na kutangazwa mfalme mkuu, asiye chini ya mtawala mwingine. Tunalijua hilo kwa maandishi ya jiwe la Sdok Kak Thom, yaliyochongwa karne mbili na nusu baadaye. Mji wake, Mahendraparvata, ulimezwa na msitu hata ukabaki jina na magofu machache. Ndipo mwaka 2012 helikopta ilipopita juu ikipiga miale ya leza inayopenya kati ya majani, na chini yake zikaonekana barabara zilizonyooka, mabwawa na matuta. Mawe yaliyojenga mahekalu ya Angkor nayo yalichimbwa kwenye machimbo yaliyoko chini ya milima hii. Nakueleza haya ili unapopita kichakani ukaona tuta la udongo lisilo na maana machoni pako, usilidharau.

Wakambodia wenyewe wanakuja hasa kwa ajili ya Preah Ang Thom. Ni Buddha aliyelala ubavu, urefu wa mita 8, amechongwa karne ya 16 juu kabisa ya jabali kubwa, na ngazi zinakupandisha mpaka kwake. Siku za mwisho wa juma, na zaidi sana mwaka mpya wa Khmer katikati ya Aprili, ngazi hizo hujaa familia nzima nzima. Wengi hushika mabunda ya noti ndogondogo za riel, wakitoa moja moja kwa wazee na wasiojiweza waliokaa pembeni, na nyingine wakiziacha kwenye vihekalu. Nawe badilisha fedha kidogo kabla ya kupanda. Wewe Muislamu au Mkristo, hakuna atakayekudai uchome udi au uiname. Vua viatu, punguza sauti, funika mabega na magoti. Khanga mbili zitakutosha, na zitakufaa hata majini, kwani wanawake wa huko huoga wamevaa nguo zao.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kulen ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, lakini juu yake kuna vijiji, na watu wanahitaji kula. Msitu umekatwa sehemu nyingi, na mahali pake imepandwa mikorosho, ile ile tunayoijua Mtwara na Lindi. Siwezi kumnyooshea kidole mkulima mwenye ekari moja na watoto watano. Ila Mto Siem Reap unaanzia hapa, na ndio unaopeleka maji Angkor. Mahekalu yale yamesimama juu ya tabaka la mchanga, na mchanga hubeba mzigo vizuri ukiwa umeshika maji. Msitu ukinyauka huku juu, habari itafika hadi kule chini.

Mgeni hawezi kuurudisha msitu kwa siku moja. Anaweza kuifanya siku yake iwanufaishe watu wa mlimani bila wao kushika shoka. Kijana wa kijijini mwenye pikipiki atakupeleka Srah Damrei, kwenye tembo mkubwa wa jiwe aliyesimama msituni, na ile njia ya mchanga ukiipita na mwenyeji utafurahi, maana peke yako utapotea. Kuna sababu nyingine ya kwenda naye. Vita vilikaa muda mrefu kwenye mlima huu, wapiganaji wa Khmer Rouge walijificha hapa, na mabomu yalitegwa ardhini. Mengi yameteguliwa, lakini usiache njia iliyokanyagwa. Kula chakula kwao. Nunua ndizi nyekundu, kama zile za Mto wa Mbu, na kama ni msimu, onja lichi za porini, ndugu wa shokishoki za Unguja. Ndizo zilizoupa mlima jina lake. Mtu akikuuzia kitu cha mnyama wa porini, mkatalie kwa upole.

Na mfuko wa taka uwe wako. Pale chini ya maporomoko nilihesabu vikombe vya plastiki kati ya mawe mpaka nikaacha. Chupa uliyopanda nayo, shuka nayo.

Ondoka Siem Reap alfajiri, kwa sababu barabara ya mlimani ni nyembamba na magari hupanda asubuhi, hushuka mchana. Siku ile tulisubiri zamu ya kushuka nyuma ya gari dogo la mizigo lililosheheni watu. Bibi wa chemchemi alikuwa nyuma kabisa, mjukuu amemlalia begani. Vikapu vyao vyote walivirundika sakafuni. Zile chupa mbili alizipakata.