Maji ya Dagaa Yamekwenda Wapi?

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya swali moja: mzigo wa kuni ukiungua na kuacha konzi chache za majivu, uzito uliobaki umekwenda wapi? Wengi hukariri kwanza, kwa Kiingereza, kwamba maada haiumbwi wala haiangamizwi. Kisha hunijibu kwa Kiswahili kwamba kuni zimeteketea. Hawatambui kwamba jibu la pili limelikana la kwanza. Na hao ndio waliofaulu.

Siwalaumu wao. Nalaumu ufundishaji unaoigeuza kanuni ya uhifadhi wa tungamo kuwa dua ya mtihani.

Nilikulia Ujiji. Katika mialo ya Katonga na Kibirizi, dagaa huanikwa wakiwa wazito na kuanuliwa wakiwa wepesi. Hakuna mama anayewauza aaminiye kwamba uzito ule umekufa. Anajua jua limechukua maji, na katika bei yake ameshayahesabu. Kule Uvinza, maji ya chumvichumvi huchemshwa mpaka chumvi ibaki. Chumvi haikuzaliwa chunguni. Ilikuwamo tangu mwanzo, na kilichoondoka ni mvuke. Mtoto wa Kigoma huingia darasani akiwa ameshayaona haya yote. Sisi humwambia afunge macho, afungue daftari.

Tutaambiwa hakuna maabara. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza sekondari za kata zijengewe maabara, na wananchi wakachangishwa. Nimeingia katika baadhi ya vyumba hivyo. Kuta zipo, meza zipo, kufuli lipo mlangoni. Tulijenga nyumba ya sayansi tukamsahau mwenye nyumba, yaani jaribio lenyewe.

Jaribio hili halihitaji kufuli wala bajeti. Chukua chupa mbili za plastiki za soda, zisiwe za kioo. Katika kila moja tia siki kiasi cha kikombe cha kahawa. Funga kijiko cha chai cha magadi katika karatasi nyepesi, ukining'inize kifurushi hicho kwa uzi shingoni mwa chupa, kisha kaza kifuniko. Tundika chupa hizo kwenye ncha mbili za ufito ulioning'inizwa katikati, uzisogeze mpaka ufito ulale sawa. Sasa inamisha chupa moja ili siki iyafikie magadi. Povu litafoka, chupa itakuwa ngumu kama jiwe, lakini ufito hautainama. Kisha legeza kifuniko taratibu, bila kukiondoa. Hewa itatoka kwa mvumo, na upande ule utapanda.

Waulize wanafunzi: nini kimetoka? Hapo kanuni imezaliwa vichwani mwao, na hakuna atakayeisahau. Wapo wanaotumia puto badala ya kifuniko. Wajihadhari, kwa maana puto likivimba, hewa inayolizunguka hulisukuma juu na mzani husema uongo.

Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyeisimika kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1789, alikuwa pia mbia katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi. Ushirika huo ndio uliomponza akakatwa kichwa mwaka 1794. Lakini tabia ya mhasibu ndiyo aliyoingia nayo maabarani: kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka na kilichobaki.

Najua mwalimu ana darasa la wanafunzi wengi mno na mtihani unaomsubiri. Hoja hiyo ni ya kweli, na wanaotunga mitihani wana deni la kuijibu: wapime kufikiri, si kukariri. Lakini siki, magadi na ufito havisubiri waraka kutoka Dodoma.

Nanyi watumishi wa umma msidhani hili ni jambo la walimu wa kemia peke yao. Taifa lililozoeshwa kwamba vitu "huteketea" tu, husoma kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, likaambiwa fedha zimepotea, likaguna na kulala. Kijana aliyeuona ufito ukipanda hatalala. Atauliza kifuniko kililegezwa wapi, na nani alikuwa amekishika.