Usilaumu pedi, angalia ruta kwanza

Dakika ya 90 unaenda kufunga, picha inaganda. Ikirudi, mpira uko kwenye nyavu zako. Unatupa pedi, unamtukana kipa. Mara nyingi tatizo ni ruta.

Vijana wetu wanaocheza soka la PlayStation mtandaoni, wengine wakiwa wameweka kiingilio, wananunua ruta kwa kuhesabu antena. Huo ni usajili wa jina, siyo wa kiwango. Mechi haili data nyingi, inachotaka ni mawasiliano ya haraka yasiyokatika.

Ushauri wetu: anza na waya. Chomeka kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine, hautasumbuliwa na Wi-Fi ya jirani. Waya haufiki? Chukua ruta ya 5 GHz na uiweke karibu, maana masafa hayo yanachoka haraka yakikutana na kuta. Lakini kagua mashine yako kwanza. PS4 ya mwanzo, ile ya 2013, inashika 2.4 GHz tu, 5 GHz ilikuja na Slim ya 2016. Mwenye ile ya zamani asipoteze hela, anunue waya.

Kufungwa kwa uwezo tunakubali. Kufungwa na ruta ni uzembe.