Olkaria: nyumba mpya wamepewa, hati je?

Wadau, niko Ngulyati, Bariadi, ila leo twende Kenya, kule Olkaria, Naivasha. Mwaka 2014 KenGen iliwahamisha Wamasai wa vijiji vinne kupisha umeme wa jotoardhi, Olkaria IV, megawati 140. Wakajengewa nyumba, shule na zahanati. Safi, au sio?

Lakini baadhi yao walipeleka malalamiko Benki ya Dunia: hati ya ardhi bado, barabara mbovu, biashara ya watalii imebaki mbali. Makubaliano yakapatikana Mei 2016, baada ya usuluhishi. Yaani walihama kwanza, haki ikafuata nyuma!

Kwetu TGDC inatafuta jotoardhi Ngozi, Mbeya. Wakiambiwa wahame, jamani, hati kwanza, gari la kubeba vyombo baadaye. Nyumba bila hati ni sawa na kupanga tu. Mnasemaje?