Pua ni Bawabu wa Mapafu

Mtazame mwenzio atokaye kazini jioni kwenye mashine ya kusaga nafaka. Uso umempauka kwa unga, na apengapo kamasi, leso hujaa uchafu mzito. Yeye hukunja uso kwa kinyaa, akaificha leso mfukoni. Laiti angalijua! Uchafu ule ulikuwa safarini kwenda mapafuni mwake, ukakamatwa mlangoni. Leo tumzungumzie bawabu huyo, ambaye malipo yake kwetu aghalabu ni kuchokonolewa tu.

Mlangoni pa pua pana nywele. Wako wanaoziona kuwa ni uchafu, wakazing'oa kwa kibano. Hilo ni kosa. Nywele hizo huzuia wadudu na chembe kubwa za vumbi, na kila unywele uling'olewao huacha kitundu ambamo vijidudu huingia. Mimi mwenyewe niliwahi kung'oa mmoja siku mbili kabla ya harusi ya jamaa yangu, nikahudhuria na jipu ndani ya pua lililonitoa machozi kuliko mama wa bibi arusi. Jipu la hapo halikamuliwi kamwe, kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hiyo ya uso inawasiliana na ile ya kichwani, na ubaya waweza kufika hata kwenye ubongo. Nywele zikitokeza nje, zipunguze kwa mkasi mdogo, basi.

Ndani zaidi, kila upande una vifupa vitatu vilivyojikunja, vikiwa vimefunikwa na utando laini wenye damu nyingi. Hewa ipitapo hapo hupashwa moto na kutiwa unyevu. Mkazi wa Iringa avutaye hewa ya alfajiri mwezi wa Juni huifikisha mapafuni ikiwa imekaribia joto la mwili wake. Alalaye kinywa wazi huikosa huduma hiyo, ndiyo maana huamka koo limemkauka. Utando huo hutuna na kunywea kwa zamu: kwa saa kadhaa hewa hupita zaidi mwanzi mmoja wa pua, kisha zamu huhamia wa pili. Usishtuke, basi, ukiona upande mmoja umekuwa mzito hali huna mafua.

Na kamasi je? Wengi hudhani kamasi ni ugonjwa. La hasha. Pua ya mtu mwenye afya hutengeneza kamasi mchana na usiku, nazo hunasa vumbi na vijidudu kama ulimbo unasavyo ndege. Chini yake mna vijinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga makasia kwa pamoja zaidi ya mara kumi katika kila sekunde, vikiisukuma shehena hiyo nyuma hadi kooni. Huko tunaimeza bila kujua, na tindikali ya tumbo humaliza kazi. Moshi wa sigara huwalegeza wapiga makasia hao. Hewa kavu na vumbi jingi huwachosha.

Lakini bawabu hawezi kila kitu. Vumbi jembamba sana, kama lile la saruji au la mawe yanayosagwa, humponyoka likazama hadi ndani ya mapafu. Mfanyakazi wa sehemu kama hizo hana budi kuvaa kinga ya pua na mdomo inayofaa kwa vumbi hilo, na anayo haki ya kuidai kwa mwajiri wake. Kitambaa kilichofungwa usoni hakitoshi.

Kuhusu usafi wenyewe, kazi yetu ni kumsaidia bawabu, si kumpiga. Penga mwanzi mmoja mmoja, polepole, kwani kupenga kwa nguvu miwili pamoja huweza kusukuma kamasi kuelekea masikioni. Nawa mikono baadaye, hasa wewe upikiaye watu: takriban watu watatu katika kila kumi huwa na vijidudu puani vinavyoweza kuharibu chakula, bila wao wenyewe kuugua. Ukitaka kusafisha kwa ndani baada ya kazi ya vumbi, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa usiyasukumie humo. Dawa za matone za kuzibua pua nazo ni za siku chache tu; ukizizoea, pua huziba zaidi kila uziachapo.

Damu ikitoka puani, wengi humwinua mgonjwa kichwa. Hapo damu huteremka kooni, akaimeza na kutapika. Mketishe, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia, huku akipumua kwa mdomo. Isipokoma, mpelekeni hospitali.

Sasa neno kwa wazazi. Mtoto mdogo atokwaye na kamasi zenye harufu mbaya katika mwanzi mmoja tu, mara nyingi si mchafu wala hana mafua. Ametia kitu: harage, ushanga, kipande cha sifongo. Nimeona mtoto akichapwa kwa majuma mawili kwa "kutojipangusa", kumbe harage lilikuwa limevimba humo ndani. Usilifuate kwa kidole wala kwa kijiti, maana utalisukuma ndani zaidi. Kama mtoto ana umri wa kuelewa, ziba mwanzi ulio wazi, mwambie apenge. Lisipotoka, nendeni kwa mganga wa hospitali. Na ukishuku kwamba alichotia ni betri ndogo ya duara, ya saa au ya kidude cha kuchezea, usitie tone la maji wala la dawa, wala usingoje asubuhi. Betri hiyo huunguza nyama ya pua kwa saa chache tu, na yaweza kuitoboa. Mchukue usiku huo huo.