Uchambuzi: Barafu ya Kale na Mvua za Ngara na Biharamulo

Kwa mkulima wa ndizi na maharage wilayani Ngara, au wa mahindi wilayani Biharamulo, utafiti wa barafu katika ncha za dunia huonekana kuwa jambo la mbali. Hata hivyo, swali la watafiti hao linamhusu moja kwa moja: hali ya hewa hubadilikaje, na mvua zitakuwaje?

India, nchi ya joto ambayo kilimo chake hutegemea mvua za monsuni, ilianzisha kituo cha taifa cha utafiti wa ncha za dunia katika jimbo la Goa mwaka 1998, na ina vituo vya Maitri na Bharati barani Antaktika. Matabaka ya barafu huhifadhi vumbi na hewa ya kale, hivyo ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya maelfu ya miaka.

Tanzania haina taasisi ya aina hiyo, lakini ina barafu ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2000, watafiti wa kituo cha utafiti wa ncha za dunia cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, wakiongozwa na Lonnie Thompson, waliichimba barafu hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha dalili za ukame mkubwa uliotokea takriban miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita. Yalionesha pia kuwa takriban asilimia 80 ya eneo la barafu lilitoweka kati ya mwaka 1912 na 2000.

Funzo hilo lina uzito wilayani Ngara. Mradi wa umeme wa Rusumo, wenye megawati 80, ni wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mitambo yake huendeshwa na mtiririko wa Mto Kagera bila bwawa kubwa la akiba. Mvua zikipungua katika bonde hilo, hasara haiishii shambani. Hufika kwenye umeme wa nchi tatu.

Barafu hueleza kwamba ukame uliwahi kutokea. Haisemi utarudi lini. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhitaji vipimo vya mvua vinavyochukuliwa kila siku na kutunzwa kwa miaka mingi. Barafu iliyoyeyuka haiwezi kusomwa tena, na mvua ambayo haikupimwa vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, kupima mvua Ngara na Biharamulo bila kukatiza ni sehemu ya ulinzi wa chakula na umeme.