MWANAFUNZI ALIYEPOTEA HEWANI SI MPUMBAVU



Zikija habari kwamba mwanafunzi wa urubani amepotea njia akatua shambani kwa mtu, watu hucheka, na wakubwa husema, "Afukuzwe." Sisi wa reli hatucheki.

Twauliza kwanza, nani aliyemruhusu? Huko Marekani sheria yasema mwanafunzi asiende safari ya mbali peke yake mpaka mwalimu ameutazama mpango wake wa safari na kutia sahihi. Tena awe amekwisha kufunzwa la kufanya akipotea. Basi mbona huitwa ofisini mwanafunzi peke yake?

Na alilofunzwa ni hili: apande juu aone mbali, akiri redioni kwamba amepotea, atii anavyoelekezwa, atunze petroli. Akikosa njia, atue mahali pafaapo injini ingali ikinguruma, asingoje tangi likauke. Aliyetua majanini namna hii ametenda kazi yake. Mkimwadhibu, mwenzake atakayepotea kesho atanyamaza, aruke mpaka injini izime.

Na kumwogopa mkubwa kuna bei yake. Tarehe 5 Desemba 1945 ndege tano za jeshi la wanamaji la Marekani zilitoka Fort Lauderdale, Florida, kwa mafunzo, na watu 14 ndani. Kiongozi, ndiye mwalimu, alisema dira zake zimeharibika, akadhani wako juu ya visiwa vya kusini. Redioni alisikika mmoja wao akisema kwamba wakielekea magharibi watafika nyumbani. Wakamfuata mkubwa. Hawakuonekana tena, na ndege moja iliyotumwa kuwatafuta, yenye watu 13, haikurudi.

Watu wa ndege walijifunza. Tangu 1976 rubani wa Marekani aweza kuandika kosa lake kwa NASA, na jina lake hufutwa. Kama hakukusudia, wala hapakuwa na ajali, naye ameandika katika siku 10, kwa kawaida hapewi adhabu. Je, ndege zao zimeacha kuruka kwa ajili hiyo?

Lakini kwetu, dereva mwanafunzi alisimamisha gari la moshi kwa kuwa hakuiona ishara sawasawa, akakatwa mshahara kwa kuchelewesha abiria! Wangependa asonge mbele kwa kubahatisha?

Twataka iandikwe katika mapatano: asimamaye kwa shaka asikatwe hata senti moja, na aliyetia sahihi ya kumruhusu mwanafunzi aulizwe kwanza. Wanachama walete neno hili katika mikutano ya matawi yao.